Ndege ya babu haikurudi: uanze na kanzidata, Kew, faili za wenzake au kijiji ilikoanguka?

Anayetafuta habari za ndugu aliyepotea na ndege ya mabomu katika Vita Kuu ya Pili huwa na vitu vitatu mkononi: jina, tarehe ya kufa, na habari ya familia kwamba "hakurudi". Akiingia mtandaoni anakuta njia nyingi, na watu wengi hulipia nyaraka ambazo hazijibu swali lao. Hapa tunalinganisha njia nne kwa ajili ya waliopotea wakiwa chini ya Bomber Command, kamandi ya ndege za mabomu ya Jeshi la Anga la Uingereza, RAF. Wamarekani walioruka kutoka viwanja vya Uingereza nao tutawagusa. Kamandi hiyo peke yake ilipoteza wanahewa zaidi ya 55,000, na kati yao zaidi ya 8,000 walikufa katika mafunzo na ajali, si mbele ya adui. Tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa sababu nyaraka za makundi hayo mawili hazikai mahali pamoja.

Kabla ya kuchagua njia, lishike hili: tafuta ndege, usitafute mtu peke yake. Ndege ya mabomu aina ya Lancaster ilibeba watu 7: rubani, fundi wa injini, mwongoza njia, mlenga mabomu, mwendesha redio, na wapiga bunduki wawili, mmoja juu ya mgongo wa ndege na mwingine mkiani. Wote walipatwa na jambo lilelile saa ileile. Maelezo bora ya kifo cha babu yako yanaweza kuwamo ndani ya faili la mtu ambaye ukoo wenu haujawahi kulisikia jina lake.

Chukua Lancaster ED925 ya skwadroni ya 617, iliyorushwa na John Hopgood usiku wa 16 kuamkia 17 Mei 1943 kwenda kuvunja bwawa la Möhne, Ujerumani. Watano walikufa na wamezikwa Rheinberg. Wawili waliponea kwa miamvuli wakashikwa mateka: John Fraser, wa jeshi la anga la Kanada, na Tony Burcher, wa jeshi la anga la Australia. Ndugu wa rubani Mwingereza akibaki kwenye nyaraka za London tu, atakuwa amewaruka watu wawili pekee waliokuwamo ndani ya ndege ile na kubaki hai.

Ufunguo wa utafutaji wote ni namba ya ndege, kama hiyo ED925. Namba hiyo ni ya ndege moja tu. Herufi zilizochorwa ubavuni (AJ-M kwa ndege ya Hopgood) hazitoshi: ndege ikipotea, herufi zake zilipewa iliyokuja kuziba nafasi, hata ndani ya mwezi uleule. Picha ya zamani ya albamu ikikuonyesha herufi tu, usidhani umeshaipata ndege.

VIGEZO VYA KULINGANISHA

Kila njia tumeipima kwa mambo manne. Kwanza, inajibu swali gani: alikuwa na nani, ndege ilianguka wapi, iliangushwa na nini, au amezikwa wapi na kwa nini pale? Pili, gharama na umbali, kwa maana mtu aliyeko Tanga, Nairobi au Muscat hapandi treni asubuhi kwenda Kew, London, iliko Hifadhi ya Taifa ya Uingereza. Tatu, panapokosewa. Nne, inamfaa nani.

NJIA YA KWANZA: KANZIDATA ZA BURE

Kuna mbili za kuanzia. Moja ni ya Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC kwa kifupi. Nyingine ni orodha ya waliopotea ya International Bomber Command Centre ya Lincoln.

Utakachopata. Orodha ya Lincoln mara nyingi hukupa namba ya ndege, skwadroni, uwanja ilikorukia, ilikokuwa ikienda, majina ya wenzake wote, na mara nyingine sababu ya kuanguka. CWGC hukupa kaburi, namba ya utumishi na tarehe rasmi. Watu wengi huishia hapo, nao wanaacha kitu cha thamani kuliko vyote kwenye ukurasa ule. Teremka chini, fungua nyaraka zilizopigwa skani. Mojawapo huwa ni fomu ya kuhamisha miili. Baada ya vita, wengi waliozikwa na wanavijiji au na jeshi la Ujerumani walifukuliwa na kupelekwa kwenye makaburi makubwa kama Rheinberg, Reichswald au Berlin. Fomu hiyo ina safu inayotaja mahali walipozikwa mara ya kwanza: makaburi ya kijiji fulani, pengine na namba za ramani. Kijiji hicho kwa kawaida kiko karibu na ilikoanguka ndege.

Angalia pia namba za makaburi. Watano wakiwa na makaburi yanayofuatana, kila mmoja na lake, waliowazika waliweza kuwatenganisha. Ikiandikwa kaburi la pamoja, maana yake haikuwezekana, na mara nyingi sababu ni moto au mlipuko. Jina likiwa kwenye ukuta wa Runnymede, karibu na London, mtu huyo hana kaburi linalojulikana. Ukuta huo una majina zaidi ya 20,000.

Gharama na umbali. Bure kabisa, na simu inatosha.

Panapokosewa. Kubwa ni tarehe. Safari za usiku zilivuka saa sita usiku, kwa hiyo ndege moja inaweza kuwa na watu walioandikiwa kufa tarehe 30 na wengine tarehe 31. Katika shambulio la Nuremberg la usiku wa 30 kuamkia 31 Machi 1944, ndege 795 zilitumwa na 95 hazikurudi. Mtu anayetafuta kwa siku moja tu usiku kama huo hupata orodha pungufu. Tafuta kwa siku mbili kila mara. Kosa la pili: CWGC ina waliokufa tu. Aliyenusurika hayumo, na yeye ndiye shahidi wako. Kosa la tatu ni kudhani kila ndege ya mabomu ilikuwa ya Bomber Command. Wellington na Liberator zilizoruka kutoka Italia au Afrika Kaskazini zilikuwa chini ya kamandi nyingine, kwa hiyo usishangae ndugu yako asipoonekana Lincoln.

Inamfaa nani. Kila mtu, kama hatua ya kwanza. Anayetaka tu jina la kaburi na wenzake wa babu anaweza kumaliza hapa kwa jioni moja.

NJIA YA PILI: HIFADHI YA TAIFA YA UINGEREZA, KEW

Utakachopata. Daftari za kila siku za skwadroni, kundi la AIR 27. Zina fomu mbili: 540 ni muhtasari wa siku kwa siku, 541 ni safari moja moja. Omba au pakua zote mbili za mwezi husika. Fomu 541 ina tarehe, aina na namba ya ndege, majina ya waliokuwamo, saa ya kuruka, saa ya kutua, na maelezo. Kwa ndege zilizorudi, maelezo yanaweza kujaza mistari kadhaa: urefu walioruka, mawingu, moto waliouona chini, mabomu waliyobeba. Kwa ndege ya babu, safu ya kutua iko tupu, na pembeni pameandikwa kwamba haikurudi wala haikusikika tena tangu kuruka.

Mstari huo mfupi huwakatisha tamaa watu wanaolipa wakitarajia kisa kizima. Wanaojua kuutumia hawaishii hapo. Husoma ndege nyingine za skwadroni usiku huohuo: njia gani, hali gani ya hewa, nani aliona ndege ikishuka inawaka na saa ngapi. Kisha wanarudi miezi miwili au mitatu nyuma na kuorodhesha safari zote za kundi lile la watu saba. Hapo unajua ilikuwa safari yao ya ngapi, na kama siku ile kulikuwa na mgeni aliyeshika nafasi ya mgonjwa. Wapo waliokufa katika safari moja waliyopanda na kundi lisilo lao.

Nje ya daftari kuna makundi mengine matatu ya kujua. AIR 81 ni mafaili ya majeruhi na waliopotea kuanzia Septemba 1939. Yanafunguliwa kwa umma hatua kwa hatua kufuata tarehe, hivyo hakikisha kwanza kama tarehe yako imeshafikiwa. WO 208 ina taarifa za waliokwepa kukamatwa wakarudi nyumbani, na WO 344 ina fomu walizojaza mateka walipokombolewa. Mmoja wa wale saba akinusurika, tafuta jina lake humo kabla ya kutafuta la babu yako.

Kwa ajali za mafunzo, AIR 27 haitakusaidia sana. Omba kadi ya ajali, Fomu 1180, kutoka RAF Museum ya London. Ni kadi moja, lakini inataja sababu: injini kuzimika, barafu kwenye mbawa, kugonga mlima ndani ya ukungu.

Gharama na umbali. Kusoma ukiwa Kew ni bure. Kupakua daftari zilizokwisha kupigwa skani ni kwa malipo kidogo. Zisizopigwa skani unalipia kwanza waangalie kurasa, halafu unalipia nakala, na hapo pesa huenda haraka. Ukiwa na mafaili zaidi ya matatu ya kusoma, mara nyingi ni nafuu kumlipa mtafiti wa kujitegemea aingie siku moja apige picha kurasa zote. Mpe namba kamili za mafaili. Ukimwambia "tafuta chochote kuhusu babu", saa zake zitaishia kwenye orodha.

Panapokosewa. Makarani wa skwadroni walikosea pia, na namba ya ndege ikikosewa herufi moja, kosa hilo limenakiliwa hadi leo. Linganisha na Lincoln kila mara. Saa nazo zina mtego kwa sisi tuliozoea saa za Kiswahili: 21.45 ni saa 3:45 usiku. Ukiandika maelezo yako baki na mtindo wa saa 24, usichanganye, maana baadaye utazilinganisha na saa za Wajerumani, na nchi hizo mbili hazikubadilisha saa zake za kiangazi siku moja.

Inamfaa nani. Anayetaka kujua maisha ya babu ndani ya skwadroni, siyo mwisho wake tu. Inamfaa pia ambaye wenzake wote walikufa na wote walikuwa Waingereza, kwani njia ya tatu haitampa kitu.

NJIA YA TATU: FAILI LA MWENZAKE WA NCHI NYINGINE

Hii ndiyo njia inayosahauliwa zaidi, na kwa maoni yetu ndiyo yenye habari nyingi kuliko gharama yake.

Utakachopata. Ndege za RAF zilichanganya watu: Mwingereza, Mkanada, Mwaustralia, Mnyuzilandi kwenye chombo kimoja. Akiwamo hata Mwaustralia mmoja, nenda Hifadhi ya Taifa ya Australia, fungua utafutaji wao, uandike aina na namba ya ndege kwenye kisanduku, kwa mfano "Lancaster" ikifuatiwa na namba. Vichwa vya mafaili ya kundi A705, yaani ya majeruhi na waliopotea wa jeshi la anga la Australia, vinataja jina, ndege, mahali na tarehe, kwa hiyo namba ya ndege peke yake huweza kulileta faili hata kama hujui jina la Mwaustralia huyo. Jaribu namba ikiwa imeunganishwa, kisha ikiwa na nafasi kati ya herufi na tarakimu.

Ndani ya faili moja la A705 unaweza kukuta telegramu ya kwanza kwa mama, orodha ya ndugu wa karibu wa wanahewa wote saba, maelezo ya mateka aliyerudi akieleza nani aliruka na nani alibaki, na ripoti ya maafisa wa RAF waliokwenda kijijini baada ya vita kuhoji wenyeji na kufukua makaburi. Maafisa hao waliwatafuta watu zaidi ya 40,000. Ripoti zao hueleza waliyemtambua na walimtambuaje: cheo kwenye bega, alama ya dobi kwenye kola, namba ndani ya buti, pete. Zisome ukiwa umejiandaa, na usimpe bibi mwenye umri mkubwa azisome peke yake.

Kwa Kanada, mafaili ya utumishi ya waliokufa vitani yamepigwa skani na Library and Archives Canada. Ya walionusurika yana masharti ya faragha. Kwa Wanyuzilandi, anza na Online Cenotaph, kanzidata ya makumbusho ya Auckland.

Marekani ina utaratibu wake. Kuanzia 1943, ndege ikipotea vitani iliandikiwa ripoti ya wanahewa waliopotea, inayojulikana kwa herufi MACR. Ina majina yote, watu 10 kwa B-17 ya kawaida, maelezo ya walioiona kutoka ndege za jirani, mahali pa mwisho ilipoonekana, na namba za injini na za bunduki. Mara nyingi taarifa ya Wajerumani walioipata ndege imeambatishwa. Ripoti hizo zinapatikana bure kwenye katalogi ya hifadhi ya taifa ya Marekani.

Gharama na umbali. Kusoma faili la Australia lililopigwa skani ni bure, popote ulipo. Lisilopigwa unaweza kuliombea skani kwa malipo.

Panapokosewa. Watu hutafuta jina la babu yao kwenye hifadhi ya Australia, hawalioni, wanaondoka. Jina lake halitakuwa kwenye kichwa cha faili. Liko ndani, ukurasa wa 40 pengine. Kosa jingine ni kuamini kila neno la mateka aliyerudi. Mtu aliyeruka kwa mwamvuli gizani alijua kilichotokea upande wake wa ndege. Kuhusu waliokuwa mkiani mara nyingi anasimulia alichoambiwa na askari wa Kijerumani. Kwa Wamarekani, ndege iliyoanguka Uingereza yenyewe kwa kawaida haina MACR; ina ripoti ya ajali, inayoombwa kwenye kituo cha historia cha jeshi la anga huko Maxwell, Alabama.

Inamfaa nani. Mwenye orodha kamili ya wenzake na anayeona ndani yake mtu mmoja asiye Mwingereza. Inamfaa sana mwenye bajeti ndogo.

NJIA YA NNE: WENYEJI WA ILIKOANGUKA

Utakachopata. Shamba lenyewe, siku na saa kama wenyeji walivyoiandika, pengine picha. Uholanzi imejipanga kuliko wengine: kuna orodha ya taifa ya ndege zilizoanguka, kazi ya kikundi cha watafiti wa vita vya angani kinachoitwa SGLO, na manispaa zina kumbukumbu nzuri. Ufaransa kuna taarifa za polisi katika hifadhi za wilaya. Ujerumani nenda hifadhi ya mji au daftari la parokia, na uandike kwa adabu: mji huo nao una orodha ya watu wake waliokufa kwa mabomu, labda usiku uleule.

Andika barua fupi kwa lugha yao, si Kiingereza. Taja aina na namba ya ndege, usiku wenyewe, kijiji kilichotajwa kwenye fomu ya CWGC, na swali moja. Barua yenye maswali kumi huwekwa pembeni ijibiwe baadaye.

Gharama na umbali. Barua haina gharama. Safari ina gharama, na usiipange kabla hujapata mtu wa kukupokea.

Panapokosewa. Ndege mbili zilizoanguka jirani usiku mmoja huchanganywa, hata na wataalamu. Ndege ya mabomu aina ya Stirling iliyotolewa ziwa la Markermeer, Uholanzi, mwaka 2020 ilidhaniwa kwanza kuwa BK710. Uchunguzi ukaonyesha ni BK716 ya skwadroni ya 218 (skwadroni iliyopewa jina la Gold Coast, Ghana ya leo), ndege iliyopotea ikirudi kutoka Berlin mwishoni mwa Machi 1943. Familia za wanahewa wa ndege zote mbili zilihusika na jibu hilo. Ukipewa kipande cha chuma na kuambiwa ni cha ndege ya babu, uliza namba gani iliyosomwa juu yake. Namba nyingi zilizopigwa kwenye vipande ni za aina ya kipuri, hazitambulishi ndege. Kibao cha injini kina uzito zaidi.

Hali ni hiyohiyo kwa majina ya marubani wa Kijerumani wanaodaiwa kuiangusha. Usiku wa hasara kubwa kulikuwa na madai mengi ndani ya dakika chache, eneo moja. Jina likija bila saa na mahali, liandike kama dai.

Usichimbe. Kuna mabomu ardhini, na kuna sheria. Uingereza inahitaji leseni chini ya sheria ya mwaka 1986 inayolinda mabaki ya kijeshi. Uholanzi kazi hiyo ni ya manispaa na Wizara ya Ulinzi.

Inamfaa nani. Anayetaka kusimama mahali penyewe, au kuweka kibao cha kumbukumbu. Haimfai ambaye bado hana namba ya ndege.

UCHAGUE IPI, KWA HALI YAKO

Una jina tu: CWGC, kisha Lincoln, siku hiyohiyo. Usilipe popote mpaka uwe na namba ya ndege na majina ya wenzake.

Una wenzake wote, na yumo Mwaustralia, Mkanada au Mnyuzilandi: njia ya tatu kabla ya Kew. Akiwa ameokoka, ongeza WO 208 na WO 344.

Wote ni Waingereza na wote walikufa: Kew, ukianza na Fomu 541, na fomu ya kuhamisha miili ya CWGC ikuonyeshe kijiji.

Jina liko Runnymede: angalia wenzake mmoja mmoja. Mmoja akiwa na kaburi ufukweni mwa Uholanzi, Denmark au Ujerumani, ndege huenda iliingia baharini, na kaburi hilo ndilo alama pekee ya upande gani.

Alikufa kwenye mafunzo: kadi ya ajali ya RAF Museum kwanza, gazeti la eneo hilo baadaye.

Alikuwa Mmarekani: MACR kama alipotea vitani, Maxwell kama ni ajali.

Alipotelea Afrika Mashariki: hapa Bomber Command haihusiki. Ndege za baharini zilizoruka kutoka Kipevu, Mombasa, na baadaye Dar es Salaam, kama za skwadroni ya 259, ziko AIR 27 kama nyingine. Ndege za mabomu zilizowapiga Waitaliano kutoka Kenya mwaka 1940 na 1941 nyingi zilikuwa za Afrika Kusini, na nyaraka zake huombwa Pretoria kwenye kituo cha nyaraka cha jeshi lao. Makaburi ya vita ya Nairobi na Dar es Salaam yamo kwenye kanzidata ileile ya CWGC.